Kumshauri mchapishaji wa jarida dogo: mwongozo kamili, kuanzia kikao cha kwanza hadi toleo la nne

Toleo la kwanza la jarida dogo karibu kila mara hutoka vizuri. Mwenye jarida ametoa akiba yake, rafiki msanifu amefanya kazi kwa bei ya kirafiki, waandishi wamefurahi kuona majina yao kwenye karatasi. Toleo la pili huchelewa mwezi mmoja. La tatu ndilo huniletea simu: "Kaka, nimesikia unawasaidia watu wa majarida. Njoo utuangalizie."

Kazi hii ya kuwashauri wachapishaji wadogo nimeifanya kwa miaka kadhaa, zaidi Dar es Salaam, baada ya kupita chumba cha habari na kiwanda cha uchapaji. Naandika kwa ajili yako wewe unayejua mambo ya uhariri au uchapaji na unataka kuugeuza ujuzi huo kuwa huduma. Kama wewe ndiye mwenye jarida, soma vilevile, utajua umdai nini mshauri kabla hujamlipa. Karibu kila mteja hunionyesha jalada kwanza, aniulize rangi zimekaaje. Mimi huomba daftari la pesa. Majarida mengi niliyoyaona yakifa yalikuwa na majalada mazuri. Kilichoyaua ni tarehe, kwa maana kwamba pesa ya toleo la kwanza ilikuwa haijarudi siku kiwanda kilipodai pesa ya toleo la pili. Ushauri wako wote uuzungushe kwenye jambo hilo.

Kabla hujakubali kazi

Muulize mteja mambo matatu kwa simu, kabla ya kikao: jarida ni la nani kisheria, linatoka mara ngapi kwa mwaka, na pesa ya toleo la kwanza ilitoka wapi. Akishindwa la kwanza, kazi yako ya mwanzo ni kumpeleka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, akasajili jina la biashara au kampuni, maana jarida lisilo na mwenyewe anayejulikana haliwezi kusaini mkataba na mtangazaji wala kufungua akaunti benki.

Swali la tatu usilipuuze. Rajat Neogy alipoanzisha Transition pale Kampala mwaka 1961, lilikuja kuwa jarida la kuheshimiwa Afrika nzima. Likapata ruzuku ya Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa na makao Paris. Ilipokuja kujulikana katikati ya miaka ya 1960 kwamba nyuma ya shirika hilo kulikuwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, jarida lililosifiwa kwa uhuru wake likajikuta linajibu maswali ambayo mhariri wake hakuyaandaa. Mteja wako hana CIA mlangoni, lakini anaweza kuwa na mwanasiasa, au mfanyabiashara anayetaka picha yake ukurasa wa tatu kila toleo. Kijue hicho mapema.

Kisha jiangalie mwenyewe. Viwanda vingi vitakuahidi cha juu ukiwaletea wateja. Usipokee. Ukishapokea, hutaweza kumwambia mteja kwamba bei ya kiwanda kile ni kubwa, na kumwambia hivyo ndiko kunakokupa riziki. Mimi huandika kwenye mkataba kwamba silipwi na mtu mwingine yeyote kwa kazi ya jarida lile, na mteja akiona sentensi hiyo mazungumzo ya ada huwa mepesi.

Ada igawe kwa hatua, usiidai kwa saa. Mchapishaji mdogo akijua saa inahesabiwa, hatakupigia simu siku anayokuhitaji kweli. Nusu ilipwe mwanzo, nusu ukikabidhi ripoti, na ufuatiliaji wa matoleo ulipwe toleo kwa toleo. Taja kabisa nini hakimo: huhariri makala, hutafuti matangazo, husimamii mitandao. Usisahau kwamba Tanzania mteja aliye kampuni atakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Mwombe cheti cha makato hayo.

Kikao cha kwanza

Nenda ofisini kwake, hata kama ofisi ni meza ya chakula nyumbani. Utaona vitu ambavyo hangekutumia kwa barua pepe. Dada mmoja mwenye jarida la malezi alinipokea sebuleni, chai tayari mezani, daftari la kaunta pembeni. Nikamuuliza, "Dada, toleo la pili umeuza nakala ngapi?"

"Zimeisha zote, kaka. Elfu moja."

"Zimeisha kwa wasomaji, au zimeisha hapa nyumbani?"

Alinyamaza. Akainuka, akaenda kumpigia wakala wa Morogoro, kisha wa Arusha, kisha mwenye meza ya magazeti pale Posta. Alirudi na karatasi yenye namba tatu. Kati ya nakala elfu, zilizolipiwa na msomaji zilikuwa kama mia tano na hamsini. Nyingine zilikuwa chini ya meza za watu, bado kwenye kamba za kiwandani.

Hilo ndilo swali kubwa la kikao cha kwanza. Wachapishaji wengi huhesabu nakala iliyotoka mlangoni kuwa imeuzwa. Mpangie mteja daftari la safu nne kwa kila wakala: zilizopelekwa, zilizouzwa, zilizorudi, pesa iliyoingia. Safu ya tatu ndiyo watu huikwepa, kwa hiyo isimamie wewe mwenyewe mpaka toleo la pili la ushauri wako.

Hesabu ya nakala moja

Chukua mfano huu, namba nimezitunga ili hesabu ionekane. Jarida la A4, kurasa 48 za ndani na jalada. Nakala 1,000. Kiwanda shilingi 4,000,000, waandishi na picha na usanifu 1,500,000, usafiri 500,000. Jumla 6,000,000. Bei ya jalada 7,000, na mawakala wanachukua asilimia 35, kwa hiyo mchapishaji anabaki na 4,550 kwa nakala.

Mteja atakwambia nakala inamgharimu 6,000. Sivyo. Kama zimeuzwa 600, kila nakala iliyomfikia msomaji imegharimu 10,000, na imeingiza 4,550. Mwandikie namba hizo mbili zikiwa zimekaa jirani kwenye karatasi. Nimeona watu wazima wakiitazama karatasi hiyo dakika nzima bila kusema neno.

Hapo mteja hukimbilia kupunguza nakala, na mara nyingi ni sawa, lakini asitegemee gharama zishuke kwa kiwango kilekile. Pleti (mabati ya kuchapia, moja kwa kila rangi) na maandalizi ya mashine hulipwa vilevile, uchapishe nakala 500 au 5,000. Omba profoma, yaani ankara ya makadirio, ya idadi tatu tofauti kutoka kiwanda kimoja. Tuseme nakala 1,000 ni milioni 4 na nakala 700 ni 3,340,000. Basi zile 300 za juu zinagharimu 660,000, yaani 2,200 kila moja. Ukigawa 660,000 kwa 4,550 unapata kwamba lazima ziuzwe angalau 146 kati ya hizo 300 ndipo zirudishe pesa yake. Sasa swali linakuwa dogo na linajibika: una wasomaji 146 zaidi, na unajua wako mji gani?

Niliwahi kulipuuza swali hilo. Mteja alikuwa na toleo lililozungumzwa sana redioni, nami nikamshauri apandishe kutoka 800 hadi 1,500. Mazungumzo ya redioni yalipita wiki mbili. Nakala zaidi ya 600 zilikaa kwenye korido yake mwaka mzima, na ile tofauti ya bei ndiyo ingelipia jalada la toleo lililofuata. Tangu siku hiyo sipandishi idadi kwa sababu ya sifa, nasubiri oda.

Kalenda ya pesa

Hapa tumia nusu ya muda wako wote. Chukua karatasi kubwa, andika miezi kumi na miwili juu, na ujaze siku halisi pesa inapotoka na siku halisi inapoingia.

Tuendelee na mfano wetu, jarida likiwa la robo mwaka na toleo la kwanza likitoka Machi. Tarehe 15 Februari kiwanda kinachukua asilimia 60, yaani 2,400,000. Tarehe 1 Machi unachukua mzigo na kumalizia 1,600,000, unasafirisha kwa 500,000, unalipa waandishi na msanifu 1,500,000. Machi hiyohiyo unapeleka ankara za matangazo. Mtangazaji husema siku 60, na kwa nilivyoona mimi siku 60 huwa 90. Mawakala watakulipa watakapopokea toleo la pili, si kabla, kwa sababu mmekubaliana mali kauli, yaani wanauza kwanza ndipo wanalipa. Kumbe tarehe 15 Mei kiwanda kinataka tena 2,400,000 za toleo la pili, na tarehe 1 Juni 1,600,000 nyingine pamoja na usafiri.

Jumlisha: kufikia tarehe 1 Juni zimetoka 10,500,000, bado waandishi wa toleo la pili, na inawezekana hakuna hata shilingi ya tangazo la Machi iliyoingia. Mteja alianza na milioni 6 akidhani ana mtaji wa jarida. Alikuwa na mtaji wa toleo.

Dawa ziko kadhaa, nami huzipanga hivi. Kwanza, punguza matoleo: kama ni manne kwa mwaka, yawe matatu. Wachapishaji hulikataa hili kwa nguvu, wanaona aibu. Lakini msomaji aliyeahidiwa matatu akapata matatu hana malalamiko. Aliyeahidiwa manne akapata matatu anakuambia jarida lako linakufa. Pili, mtangazaji atoe LPO, hati rasmi ya oda, kabla ya ukurasa wake kwenda kiwandani, na anayelipa papo hapo apewe punguzo linaloeleweka. Tatu, wanachama, nitakaowaeleza chini. Kukopa nakuweka mwisho kabisa, na kukopa kwa riba ya mwezi ili kulipa kiwanda sikushauri hata siku moja, kwa sababu umeona kalenda: deni la Mei halina pesa ya kulilipa mpaka Julai.

Mweleze pia mteja achague nani analipia jarida. Sani, jarida la katuni lililoanza miaka ya 1970, liliishi kwa shilingi ya msomaji wa mtaani. Fema, lililoanza 1999, liligawiwa bure kwa wanafunzi wa sekondari kwa fedha za wafadhili. Njia zote mbili zimefanya kazi Tanzania hiihii. Kinachoshindwa ni jarida linalotaka bei ya jalada ya mtaani, matangazo ya mabenki na ruzuku ya ubalozi kwa pamoja, likiwa na mtu mmoja wa kuyafuatilia yote.

Kiwandani

Mpeleke mteja kiwandani mwenyewe, Chang'ombe, Barabara ya Nyerere, au Kariakoo kwa kazi ndogo. Ashike karatasi kwa mkono. Mambo ya kumfundisha pale ni machache.

Jarida la kubana kwa pini mbili katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne. Kwenye mashine kubwa ya ofseti, shiti moja hubeba kurasa 8 za A4 kila upande, jumla 16. Kwa hiyo kurasa 48 ni shiti tatu kamili, na kwa rangi nne pande zote mbili ni pleti 24. Akiongeza kurasa nne kwa sababu mashairi yamezidi, anaanzisha shiti nyingine na pleti nyingine. Mhariri akilijua hili hupunguza maneno kwa furaha.

Uzito nao ni pesa. Karatasi moja ya A4 ina eneo la mita za mraba 0.0624. Kurasa 48 ni karatasi 24. Kwa karatasi ya gramu 90, pamoja na jalada la gramu 200, nakala inafika gramu 160 hivi. Nakala 1,000 ni kilo 160. Akichagua karatasi ya kung'aa ya gramu 130 kwa ndani, nakala inapanda hadi gramu 220 na mzigo hadi kilo 220. Kilo 60 zaidi kwenye buti la basi, kila toleo, kwa ajili ya mng'ao. Jarida la picha za mavazi linauhitaji mng'ao. Jarida la hadithi na makala ndefu husomeka vizuri zaidi kwenye karatasi isiyong'aa, macho hayachoki chini ya taa.

Faili iwe PDF, picha za nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakazochapwa, rangi ziwe za uchapaji na si za skrini, na kila ukurasa wenye picha ya kufika ukingoni uwe na milimita 3 za ziada za kukatwa. Halafu prufu ya karatasi, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, isainiwe na mteja mwenyewe, kila ukurasa. Prufu ya kwenye simu si prufu. Kosa likigunduliwa baada ya saini ni la mteja, kabla ya saini ni la kiwanda, na mstari huo lazima uwemo kwenye oda.

Mawakala na mali kauli

Biashara ya majarida mitaani ni ya mali kauli: unampa mtu mzigo, anauza, anakulipa, kisichouzwa kinarudi. Hakuna ubaya, ila kauli iandikwe. Karatasi moja inatosha: idadi, bei, asilimia yake, tarehe ya hesabu, na kwamba nakala zilizobaki zirudi zikiwa safi au jalada lake lirudi kama ushahidi. Mzee wa meza ya magazeti hatapenda kusaini karatasi ya kijana. Msalimie kwanza, kaa kwenye benchi lake, msikilize magazeti gani yanatoka, kisha mwachie nakala tano tu. Zikiisha, atakupigia yeye.

Mikoani, badala ya wakala mkubwa, mtafutie mteja mtu mmoja kila mji. Kifurushi kinapakiwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis jioni, kesho yake kinapokelewa Mbeya au Mwanza, na aliyekipokea anasambaza kwa pikipiki.

Wanachama

Watu 200 wakilipa 24,000 kwa mwaka kwa lipa namba, zinaingia 4,800,000 kabla mashine haijawashwa. Hakuna pesa tamu kuliko hiyo, na hakuna ya hatari kama hiyo, kwa sababu bado si ya mchapishaji. Ni deni la matoleo manne kwa kila mtu. Kila toleo likimfikia msomaji, ndipo 1,200,000 inakuwa mapato. Mfungulie mteja akaunti au laini ya pembeni, na toleo moja lisiguse zaidi ya 1,200,000 yake. Ada iwe na gharama ya kufikisha ndani yake, na orodha ya wanachama iwe na namba ya simu, mji, na toleo la mwisho alilolipia. Toleo lake la mwisho likikaribia, apigiwe simu na mtu. Ujumbe wa kutumiwa watu mia kwa pamoja hupitwa tu.

Karatasi za serikali

Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka chombo cha habari cha kuchapishwa kiwe na leseni, na leseni hutolewa na Idara ya Habari, MAELEZO. Isomwe pamoja na marekebisho ya 2023. Waandishi wanahitaji ithibati, kibali rasmi cha kufanya kazi ya habari, ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kenya, Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inadai dhamana, ambayo marekebisho ya 2002 yaliipandisha hadi shilingi milioni moja za huko. Mteja wa Nairobi aonane na wakili kabla ya kuchapa. Hapa usijifanye wakili. Kazi yako ni kumjulisha mteja mlango upo, na kuweka ada na muda wa kusubiri kwenye kalenda ya pesa.

ISSN ni namba ya tarakimu nane inayotambulisha jarida lenyewe, moja kwa matoleo yote, tofauti na ISBN ya kitabu. Kwa Tanzania anza kuuliza Bodi ya Huduma za Maktaba, ambako nakala za hifadhi pia hupelekwa. Msimbo wa mistari wa jarida huanza na 977 na hujengwa juu ya ISSN hiyo, supamaketi zitaudai.

Waandishi na wapiga picha

Mara nyingi hakuna mkataba wowote, kuna ujumbe wa WhatsApp. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi hata bila karatasi, na kumlipa makala hakumpi mchapishaji kila haki. Mwandikie mteja fomu ya ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya malipo, haki ya kuchapisha mara moja kwenye karatasi, na kama makala itaingia mtandaoni au la. Kisha tarehe hiyo ya malipo iheshimiwe. Jarida dogo haliwezi kulipa vizuri, basi lilipe kwa wakati. Nimeona wapiga picha wazuri wakikataa jarida lenye pesa na kukubali lililowapa elfu thelathini siku waliyoambiwa.

Ripoti, na kuondoka

Ripoti isizidi kurasa sita. Ukurasa wa kwanza uwe ile hesabu ya nakala moja, wa pili kalenda ya pesa, na zinazofuata ziwe mambo ya kufanya yakiwa na jina la mtu na tarehe. Usiipeleke kwa barua pepe tu; isomeni pamoja, mteja akiwa na kalamu mkononi, na abadilishe tarehe anazoona hawezi kuzitimiza. Tarehe aliyoiandika mwenyewe ataikumbuka.

Baada ya hapo fuatilia matoleo matatu, saa mbili kila moja: wiki moja kabla ya kiwanda, siku ya prufu, na siku ya hesabu ya mawakala. Toleo la nne mwachie. Yule dada wa jarida la malezi sasa huniletea nakala mwenyewe, kila miezi minne. Ndani ya jalada hubandika karatasi ndogo yenye namba nne kwa mkono wake: zilizopelekwa, zilizouzwa, zilizorudi, pesa iliyoingia. Ya mwisho niliyopokea ilikuwa na 700, 612, 88, na ya nne aliiandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu Arusha walikuwa bado hawajalipa.